Kipimo cha Giza

"Funga," namwambia Famau, naye anafunga.
Komeo la kwanza, la pili, la tatu, la nne.
Kililana yote inabaki nje: winchi, malori,
jua la saa saba lililokaa juu ya bati kama mdai.

Kontena hili lilikuja na vigae.
Vumbi lingali linanuka chokaa ya nchi nisiyoijua.
Kesho kutwa litaondoka na ufuta
wa Gathogo na wenzake wa Mpeketoni,
tani kumi na tisa, bila gunia hata moja:
mfuko mmoja tu, mkubwa kama chumba,
utatundikwa humu kama chandarua,
na mashine itapuliza mbegu
mpaka zikaribie dari.

Lakini kwanza giza.
Nahesabu hadi mia, macho yazoee.
Ndiyo kazi yangu: kufungiwa, kutafuta mwangaza,
na nikiuona, kuukataa.

Watu huomba nuru. Mimi naiomba isije.

Themanini na moja, themanini na mbili.
Mama alikuwa na shazia.
Alishona midomo ya magunia ghalani kule Hindi,
shilingi tano kwa mdomo, uzi akiukata kwa meno.
Nilipomwambia magunia yamekwisha kazi
hakusema mengi. Aliuliza tu:
"Na sanduku lenu likitoboka, mshonaji ni nani?"
Nikacheka. Tulikuwa tunakula.
Nilicheka peke yangu.

Tisini na sita.
Pale. Kona ya kushoto, usawa wa goti:
nyota moja, nyembamba, ncha ya shazia.
Nikiweka kidole inazimika. Nikiondoa, ipo.
Mfuko utazuia, atasema bosi.
Mfuko ni nailoni, na safari ni siku arubaini.
Unyevu hauna haraka. Ungeingia hapa
tone kwa tone, usiku kwa usiku,
na huko ng'ambo wangefungua mlango
wakakuta uvundo wenye jina la Gathogo.

Nachora duara kwa chaki.
Ndani yake naandika tarehe, halafu,
sijui kwa nini, Mwanaesha binti Shee,
aliyeuliza.

Nagonga bati mara tatu.
Famau yuko kwenye simu, namsikia anacheka,
anamwambia mtu kuwa ugali uliwe tu, asisubiriwe.
Nagonga tena.
Jasho limefika kwenye viwiko.
Tumebaki wawili humu, mimi na tundu,
tunatazamana.