Mraba wa Paja

Machi, kule Dar, walinichora kwa wino wa zambarau,
pembe nne juu ya paja la kushoto.
Binti wa mashine alishika rula, akasema,
"Mama Yaledi, usitikisike."
Siku ishirini na tano sikutikisika.
Mionzi haikuwa na sauti, wala joto.
Nikarudi Hombolo, paja jeusi kama kitako cha chungu,
wino ukafutika kwa maji na jasho,
nikasahau.

Mimi ndiye niliyesahau.

Zabibu za Agosti tukavuna, mizabibu tukapogoa,
matawi yakatoa machozi, kama kawaida yake mzabibu:
hulia siku mbili tatu, kisha huchipua.
Oktoba wakanitundikia dripu ya kemo
mkono wa kulia, mbali na paja
kama Bahi na Kongwa.
Chupa ya kwanza, kimya. Ya pili, kichefuchefu tu.
Ya tatu, siku ya tisa,
paja likaamka.

Likawa gumu kama mbuga iliyonyimwa mvua.
Bodaboda sikuweza kuipanda.
Chilewa akanilaza kwenye tela la trekta, kati ya kreti tupu,
kila shimo la barabara nikalihesabu kwa meno.
Nilishapanga moyoni nani arithi mbuzi mwekundu.
Mtu wa saratani akivimba
nani atamtafsiria?

Mjini, daktari kijana, shati limemkunjika mgongoni,
aliweka picha kwenye taa
akakaa nayo mpaka nikamchukia.
Kisha kalamu yake ikafuata weupe ndani ya nyama.
"Tazama ukingo huu. Umenyooka.
Hapa kona. Na hapa kona.
Saratani haijui rula, mama.
Hii ni misuli imekumbuka mionzi.
Dawa imepita damuni ikibisha hodi kila mlango,
ni humu tu, ndani ya mraba, alikoitikiwa."

Sikulia. Niliomba kalamu, nikapita mwenyewe kona zote nne.

Kwetu husimuliwa mji huu ulipewa jina na tembo
aliyedidimia matopeni mpaka asionekane.
Hadithi huishia hapo, watu wakaenda kulala.
Kumbe kudidimia si kuisha.

Wakanipa vidonge, vinne asubuhi juu ya uji wa uwele.
Jina la ile dawa likapigwa mstari mwekundu kwenye faili.
Uvimbe unashuka, kwa mwendo wa konokono.
Usiku paja linapwita, nami naliwekea kiganja
pale ambapo pangekuwa na wino.

Paja langu,
nilikuamuru utulie, ukatulia siku ishirini na tano,
ukaungua bila kunung'unika,
na mimi nikadhani umeridhika.
Haya, sasa tikisika. Una haki.
Ila punguza kidogo ifikapo alfajiri:
kuna mistari mitatu kule shambani
haijapogolewa.