Maji ya Akiba

Chandarua nilipewa kliniki ya kwanza, Ligula,
cha buluu, kinanuka dawa.
Usiku nilikichomeka chini ya godoro pande zote nne,
nikalala kama yai kiotani.
Hakuna aliyeniambia
kwamba huyu hangoji taa izimwe.
Huja saa nne asubuhi, nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi.
Haimbi sikioni. Miguu yake ina mistari meupe
kama soksi za shule.
Anauma kifundoni, anaondoka,
nazi haijaisha.

Chikongola maji hutoka Jumanne, yakitoka.
Na tumbo la miezi minane nikakinga:
ndoo tatu, beseni, madumu,
na lile pipa la Mchopa lililowahi kubeba mafuta ya kula.
Mtoto akija asikose maji ya kuoga, nikasema,
nikalifunika kwa khanga yenye matundu.
Nyuma ya ukuta, Likwata fundi pancha
anarundika matairi. Mvua ya Februari
imeacha kikombe ndani ya kila moja.

Wiki ya thelathini na nane homa ikaingia
kama mgeni mwenye ufunguo.
Viwiko, magoti, nyayo.
Nilikwenda chooni nikishika ukuta,
tumbo mbele, mgongo umekunjika.
Mchopa alicheka kwanza. Kisha akanyamaza.

Wakapima malaria: hakuna.
Wakapima tena.
Daktari kijana, mgeni wa mji,
akaandika neno kwenye fomu, akanisomea
silabi kwa silabi, kana kwamba ni la Kizungu:
chi-ku-ngu-nya.

Nikacheka, jamani, na maumivu yale.
Daktari, hilo ni letu.
Bibi yangu Nantindi, kule Newala, alikuwa akilitamka
akimwonyesha jirani aliyeinama asiinuke:
kile kinachokunja watu.
Kimakonde kitupu. Likashuka uwandani kwa miguu,
likapanda meli, likavishwa koti jeupe,
limerudi na muhuri, na halinijui.

Bibi naye alikuwa na mitungi yake.
Maji yalikuwa bondeni;
kushuka alfajiri, kupanda jua kichwani,
nani angeyamwaga?
Kiu ndiyo iliyomfuga mdudu yule.
Msituite wachafu.
Alizaliwa katika maji safi
niliyomwekea mwanangu.

Mkunga, mama Chilumba, hakunificha:
"Ukijifungua homa ingali damuni,
mtoto anaweza kuipokea njiani."
Basi nikabana. Nani hubana uchungu?
Nikamwambia wa ndani, subiri,
Ijumaa, walau Jumamosi,
damu yangu iko kwenye kufua.
Alizaliwa Alhamisi.

Leo ana siku tano.
Ananyonya, anaacha, ananyonya.
Paji lake ni la moto, au kiganja changu ndicho baridi?
Nimejaribu kwa shavu. Nimempa mama mkwe ajaribu.
Themometa ni moja wodi nzima,
iko kitanda cha sita, inakuja.

Mchopa amepiga simu kutoka uani.
Maji yametoka, anasema.
Pipa amelipindua, amelisugua kwa mchanga na majivu,
amelisimamisha chini ya bomba.
"Nijaze?"

Nasikia maji yakipiga bati tupu.
Kitanda cha tano sasa.