Mbweha Mwenye Malezi

Nusu dazeni, pauni moja na peni ishirini.
Naandika kwa chaki, mvua inafuta, naandika tena.
Sanduku ni la mkate, la zamani,
lina kifuniko cha bati
na kopo la biskuti la kutilia pesa.
Halina kufuli. Hapa kufuli ni tusi.

Nimeishi Nether Cawley miaka kumi na tisa
na bado mimi ni yule mwanamke mpya
aliyenunua nyumba ya kina Hobday.
Kina Hobday wamelala makaburini,
hatua arobaini kutoka mlangoni pangu,
na nyumba ingali yao.

Kijiji chenyewe ni hiki:
kanisa lenye kengele tano na wapigaji wanne,
baa inayofunguliwa Alhamisi,
kibanda cha simu kisicho na simu,
kina vitabu vya upishi na mashine ya kushtua moyo,
na basi la Jumanne.
Nyuma ya kilima barabara kuu inakoroma usiku kucha.
Ikinyamaza, pametokea ajali,
na sote tunaamka.

Novemba hesabu ikaanza kukataa.
Mayai sita yameondoka,
koponi kimebaki kifungo cha koti.
Wiki ya pili, kifungo kingine.
Nikamwambia Glenys mleta barua. Kosa langu.
Siri ya mtungi iulize kata;
ya Nether Cawley, usiulize,
Glenys atakufikia kabla ya saa nne.

Halmashauri ya parokia ikakaa:
shimo la njia ya kinu, kinyesi cha mbwa, mengineyo.
Kwenye mengineyo mayai yangu yalichukua dakika hamsini.
Desmond Amphlett alitaka kamera.
Mwingine akasema ni watoto wa nyumba mpya,
maana tangu zijengwe zile nyumba ishirini na nne
kila baya ni watoto wa nyumba mpya,
hata upepo.

Mimi nilikuwa natazama chai yangu.
Jumatano ile kulianguka sakitu,
na juu ya sakitu nikaona nyayo za sapatu,
mguu mmoja umeburutwa,
kutoka langoni kwangu
mpaka kwa Wilfrid Tapley,
aliyefyeka miti ya mipaka yetu miaka thelathini
na hajapata kumwomba mtu hata kiberiti.
Tangu Audrey afariki
bomba lake hutoa moshi saa moja tu kwa siku.
Na vifungo ni vya koti la Audrey, lile la kijani.
Nalijua. Lilikaa mbele yangu kanisani
kila Jumapili, nikiyahesabu mashono badala ya kusali.

Sijui kama mzee aliona sarafu
au alijua kabisa kuwa ni vifungo.
Sijamuuliza. Utaanzaje?

Nikasimama nikasema: ni mbweha.
Desmond akasema: mbweha anayerudisha kifuniko?
Nikasema: ndiyo, huyu ana malezi.
Hakuna aliyecheka.
Watu kumi na mmoja walikodolea sakafu,
na ndipo nikang'amua
kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua.
Mwenyekiti akakohoa, akarudi kwenye shimo la barabara.

Jumatano iliyofuata
kando ya mayai palikuwa na viazi, bado vina udongo.
Kisha supu ya kopo. Kisha mfuko wa kuni,
zimepasuliwa vizuri mno, namna ya Desmond,
ambaye hadi leo akinikuta njiani
huzungumzia kamera.

Jana Wilfrid alipita, nikampungia.
Akatazama kuku, akatazama mbingu.
"Itanyesha," akasema.
Ilikuwa inanyesha.

Vifungo nimeviweka katika kikombe cha yai dirishani.
Vimefika saba.
Koti lile, nikumbukavyo, lilikuwa na vinane,
na kesho ni Jumatano.