Zamu ya Wekundu

Chubwi za nyavu nilizinunua kwa mizani, soko la Kirumba,
nikaziyeyusha kwenye sufuria lisilo na mpini,
nikaimimina risasi katika kalibu za udongo:
wapiga upinde mia na ishirini,
kila mmoja kimo cha kucha ya dole gumba.
Mbuke akasema, mume wangu, hii ingevua samaki.

Ingevua, ndiyo.
Lakini ilikuwa inakwenda Towton,
Jumapili ya Matawi, mwaka elfu moja mia nne sitini na moja,
Waingereza walipouana wao kwa wao,
binamu kwa binamu, wafalme wawili, kiti kimoja,
waridi jeupe huku, waridi jekundu kule.

Theluji sijapata kuiona.
Nilichekecha unga wa muhogo juu ya meza.
Vilima nilivipanga kwa kokoto za Mabatini
(mawe, kwetu Mwanza, hayajawahi kuadimika),
mto nikaukata kwenye pindo la khanga ya buluu.
Siku ile upepo nao ulichagua upande:
weupe waliupa mgongo, wekundu uliwachapa usoni,
mishale yao ikaanguka hatua arobaini kabla ya adui.
Nikawasha feni. Umeme ukakatika.
Tukapuliza kwa midomo, mimi na Luhende,
tukakohoa unga hadi machozi.

Luhende ndiye aliyekuwa mwenye wekundu.
Aliwapaka rangi ya kucha, chupa ya saluni ya mkewe;
wiki nzima jeshi lilinukia bibi harusi.
Kushindwa hakukumuuma. Alirusha dadu
kama anayewamwagia kuku mtama.

Kisha baba akafa, kikabaki kiwanja cha Buswelu,
hatua ishirini na tano kwa thelathini,
na msingi wa nyumba ulioishia magotini.
Sitasimulia. Palikuwa na karatasi mbili,
na zote mbili zilikuwa na muhuri.
Siku ya kugawana vyombo alichukua redio, plau,
na jeshi lake ndani ya kopo la maziwa.
Nililisikia likigongana humo
mpaka kituo cha bodaboda.

Siku hizi nacheza peke yangu. Wekundu ni vizibo vya soda.
Kizibo hakijui kukimbia.
Jana usiku nilifika pale wanapovunjika,
wanaukimbilia mto, wa mbele wanazama,
na miili yao inakuwa daraja la wa nyuma.
Ukurasa huo nimeusoma mara tatu,
na kila mara nauona Mirongo wa masika,
maji ya kahawia, na vile vinavyopita juu yake
ambavyo hatupendi kuvitazama mara mbili.
Vizibo sikuviangusha.

Sisimizi wameugundua unga.
Wanavuka mstari wa mbele, huku na kule,
hawaulizi nani ni wa nani.
Mbuke anaitaka meza yake apigie pasi.
Nimemwambia angoje kidogo,
zamu ni ya wekundu.
Nimemtuma Nkwimba Kiseke, kwa baba yake mkubwa,
na dadu mbili ndani ya bahasha.
Barua sikuandika.