Injini ya Kusaga

Ilikuja juu ya kirikuu, imefungwa kamba ya katani:
injini ya Landrova, dizeli, silinda nne,
toka mashine ya unga huko Kongowe
ilikosaga miaka thelathini bila kuona barabara.
Hamduni, spanaboi wangu, akaichokonoa kwa bisibisi;
kila mwanya wa bloku ulitoa pumba
iliyoshikana na oili, ngumu kama lami.
"Fundi," akasema, "hii injini au ukoko?"

Gari lenyewe lilingoja Gerezani, kinywa wazi,
boneti imeegemezwa ukutani.
Tulipokwangua rangi ya kijani tukakuta kijani nyingine,
na chini yake namba ya jeshi, nyeupe,
tarakimu ya mwisho imeliwa na kutu.
Lilitoka mnadani, pamoja na masufuria ya kambi.
Injini yake ya petroli ilikuwa imepasuka bloku;
mtu aliiziba kwa gundi ya chuma na dua,
oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa.

Mwenye gari ni Bi Anzawe Mhando,
mstaafu wa bandari, kitengo cha makontena.
Huja na kigoda chake, miwani ina kamba,
husoma risiti zangu kama zimeshuka melini.
Baba yake aliendesha moja kama hili, akavuka nalo Kagera.
"Nataka mlio ule," aliniambia siku ya kwanza.
"Niliusikia mara moja tu, nina miaka tisa,
aliporudi, akasimama nje bila kuzima."

Nikamwambia: ya petroli nimeitafuta
Keko, Ilala, hadi Tanga kwa watu wa mkonge.
Ipo hii. Miguu yake inakaa palepale,
gia boksi inaikubali.
Mlio, mama, siuahidi.
Akanyamaza. Akahesabu noti, mbili mbili.

Jumamosi tukaitundika.
Kilo mia mbili zinaning'inia mnyororoni
na wewe unabembeleza unene wa unywele.
Shafti ina meno, klachi ina meno,
na meno hayaumani mpaka yatazamane.
Shusha. Sukuma. Imegoma. Pandisha kidogo.
Tukasukuma kwa magoti, kwa mabega, kwa matusi
(Bi Anzawe akajifanya anasoma gazeti)
hadi adhuhuri ikapita, na chai ikapoa na nzi ndani.

Hamduni, hakuna aliyemwuliza,
akajilaza chini juu ya boksi la televisheni,
akatia gia ya nne, akashika propela,
akaizungusha taratibu
kama mtu anayetafuta stesheni redioni.
Ikaingia.
Haikupiga kelele. Ilishusha pumzi tu,
na mnyororo ukalegea.

Siku mbili za mipira, nyaya, gasketi.
Tukatoa hewa kwenye pampu mpaka povu likakoma,
dizeli ikaja safi, nikakaza nati, nikapiga stata.
Moshi mweupe. Harufu ya mahindi yaliyoungua.
Kisha: du-du-du-du, nzito, haina haraka,
spana zikacheza juu ya meza.

Bi Anzawe alikuwa amesimama.
"Huu si wa baba," akasema.
Nikapeleka mkono kwenye waya wa kuzimia.
"Usizime."

Akasema, nusu yake ikimezwa na mlio:
"Yeye yuko huko. Sisi tuko foleni, alfajiri,
mahindi ya yanga, debe kichwani kwa mama,
mimi nimeshika pindo la kanga yake.
Hatukuwa tunaiona mashine, tulikuwa nje.
Tulikuwa tunaisikia nyayoni."
Akavua kiatu kimoja.
Akaweka unyayo kwenye saruji yangu yenye oili.

Mafundi wa jirani wakachungulia, wakarudi kwao.
Hamduni akaenda kununua chapati, hakutumwa.
Iliunguruma mpaka tangi dogo likakauka.

Jioni, nikifagia, nikakuta bolti moja chini ya gari,
namba kumi na saba, nzima kabisa.
Mpaka leo sijui ni ya wapi.