Sheria za Rubongi

Ubao tuliuchora kwa makaa juu ya mfuko wa saruji,
nyuma ya nyumba za askari, Tororo,
ukatoka na miraba sitini na saba
kwa kuwa Emojong alihesabu akiwa na njaa.
Ile mitatu iliyozidi tukaiita Kenya.

Hapo sheria zikaanza kuzaana.
Mfalme akibanwa, na avuke Malaba,
akae zamu mbili, anywe chai,
ya tatu arudi ama afukuzwe.

Malkia mweupe alipotea kabla sijazaliwa.
Nafasi yake ilishikwa na kizibo cha soda:
akilala chali ni malkia, hakuna asikofika;
upepo ukimfudikiza ni askari wa kawaida
mpaka upepo mwingine umkumbuke.
Kupiga chafya kulikatazwa.
Mimi nilikuwa na mafua mwaka mzima.

Farasi mmoja mweusi alikuwa betri kuukuu ya redio,
kwa hiyo kila baada ya miruko mitatu
aliondolewa vitani
akaanikwa juani apate nguvu.

Na king'ora cha kiwanda kikilia, saa nane kamili,
tulibadilishana viti:
shimo ulilomchimbia mwenzio, ukalikalia wewe.
Ukatili ulipungua sana
kuanzia saa saba na nusu.

Sheria ya mateka hatukuibuni sisi.
Aliyetekwa hazikwi, anageuzwa koti,
kesho yake anampigania aliyemteka.
Hiyo tuliikuta kambini.
Kila mstari wa nyumba ulikuwa na mjomba wa namna hiyo,
na alikula sahani moja na wengine.

Likizo ya Agosti akaja Kiggundu, mtoto wa daktari mpya,
kutoka Kampala, na saa ya chesi yenye nyuso mbili.
Akatazama. Akasema: hii si chesi.
Mfalme hana Kenya.
Emojong akamjibu: basi wako amekosa majirani.
Akacheza kwa hasira, kitabuni neno kwa neno,
na kabla ya king'ora mfalme wake alikuwa ng'ambo,
naye anauliza, kwa sauti ndogo,
kama chai ile inaruhusiwa sukari.

Baba alirudi Septemba
kutoka huko ambako hakukutaja.
Alianika buti zake kwenye seng'enge,
akachuchumaa kando yetu kwa muda mrefu
mpaka tukasahau kumwogopa.
Akamgusa askari wangu wa mstari wa tano.
"Huyu anarudi lini?"
Nikamwambia harudi, anakwenda mbele tu,
na akifika mwisho anakuwa malkia.
Baba akacheka bila kufungua mdomo.
"Umewahi kumwona aliyefika?"

Akamshika kwa vidole viwili,
akamrudisha mraba mmoja, akatulia,
akamrudisha mwingine,
akampitisha ubavuni mwa mfalme bila saluti,
akamtoa nje ya ubao kabisa,
akamweka mkekani, karibu na sufuria ya maharage.
Sheria mpya, akasema.

Iliharibu mchezo.
Wiki haikuisha, askari wote wako mkekani,
weusi kwa weupe, wamelaliana,
na wafalme wawili wamebaki wakitazamana
kila mmoja akitafuta wa kumtuma.
Kiggundu akasema ni sare.
Emojong akasema ni upuuzi, nani ameshinda?
Mama akauchukua mfuko akafunikia mihogo.

Betri tuliisahau juani.
Usiku Baba aliirudisha redioni
nayo ikashika, kwa sauti ya mtu mwenye mafua,
ikasoma habari za kaskazini robo saa,
ikafa
palepale ilipokuwa inataja idadi.