Mgongo Wazi

Miaka kumi na mmoja kisu changu kimepita
kati ya nyama na mfupa wa sangara,
hapa Masese, meza nambari nne,
na sikuwahi kujua mnofu una ladha gani.
Mnofu ulikuwa na ndege ya kuwahi.
Sisi tulibaki na mgongo wazi:
kichwa, uti, mkia,
fungu la elfu mbili pale getini,
tunakaanga, tunafyonza, tunatema miiba.

Mwezi wa tatu ndege hazikuruka.
Balikoowa, msimamizi, barakoa imemshuka kidevuni,
akatuambia: Entebbe kimya. Valensia wamefunga mahoteli.
Bwana Lin, aliyekuwa akiinua mabondo juani
kama mtu anayekagua noti,
ameondoka na hapokei simu.
Gunia lake lipo bado stoo, chini ya ngazi.
Bondo ni pumzi ya samaki, ndilo humfanya aelee.
Siku zile redio ilihesabu watu walioishiwa pumzi
nami nikaliwaza lile gunia kuliko ilivyonipasa.

Chumba cha baridi kikajaa hadi mlangoni.
Dizeli ya jenereta ikawa ghali kuliko samaki.
Basi mshahara wa Aprili tukalipwa kwa maboksi,
tukasaini, kila mtu na kalamu yake.

Nikajitwika langu, kwa miguu hadi Walukuba,
bodaboda zimekatazwa kubeba watu,
barafu ikinidondokea shingoni,
karatasi ya Kihispania ikilowa, ikichanika.

Usiku ule nikapika samaki wa ng'ambo.
Mweupe. Laini. Hana pa kushika.
Kagoya, kitindamimba wangu,
akageuza kipande, akageuza tena:
"Mama, nani kaiba mifupa?"
Mutesi akamaliza sahani mbili bila neno.
Mimi nilitafuna polepole, nikingoja
kile kinachowafanya watu wa mbali
wamlipie samaki nauli ya ndege.
Chumvi ilikuwa kidogo.
Tulikula siku tisa, mpaka watoto wakasema basi.

Sasa malori yanatoka tena saa nane za usiku.
Jana nimenunua mgongo wazi getini,
umepanda, elfu tatu.
Kagoya akafyonza jicho, akacheka,
akaniuliza kama wale wa Valensia wanajua
kwamba samaki ana uso.